Ufundi wa Kusimulia Picha

Jirani yetu mmoja wa Magomeni, fundi cherehani mstaafu, huangalia tamthilia kila jioni. Nasema huangalia kwa sababu mwenyewe ndivyo asemavyo, ingawa presha ya macho ilimfunga jicho la kulia akiwa bado anashona, na la kushoto likafuata. Huketi karibu na televisheni kuliko mtu yeyote nyumbani, sikio kalielekeza kwenye spika, na pembeni yake hukaa mjukuu wake wa darasa la sita. Huyo binti ndiye fundi ninayetaka kumsifu.

Hakufundishwa na mtu. Lakini kaa umsikilize. Mwanamke wa kwenye tamthilia akimaliza kusema, kabla muziki haujapanda, binti anaingiza lake: "Kamkata jicho, babu." Kisha kimya. Mume akijibu, yeye haongezi neno. Mlango ukilia, "Mkwe huyo," na mzee anaanza kucheka kabla mkwe hajafungua kinywa, maana anajua kitakachofuata. Jioni nyingine dada mkubwa alishika zamu. Huyo akasema kila kilichopita mbele ya macho yake: kochi ni jekundu, pazia lina maua, mama kavaa wigi, mezani kuna glasi tatu, glasi moja ina juisi. Mzee alivumilia mpaka matangazo ya biashara, ndipo akasema kwa upole, "Bibie, hebu niachie na mimi nisikilize."

Mabinti wale wanaona sawasawa. Mdogo anajua wakati wa kunyamaza, mkubwa hajui, basi.

Kwa wenzetu ng'ambo kazi hii ya kuwasimulia wasioona picha ina mikataba, ina studio, ina malipo. Filamu ikishahaririwa hupewa mwandishi, naye huitazama kipande kwa kipande akitafuta nafasi ambazo hakuna anayesema. Humo huandika sentensi fupi, msomaji huzirekodi, fundi wa sauti hushusha muziki kidogo zinapopita, na mwishowe hupatikana sauti ya ziada ambayo mtazamaji huichagua kwenye Netflix, Disney+ au Apple TV, palepale anapochagua lugha. Asiyeihitaji anaweza kuangalia filamu mwaka mzima asijue kama ipo.

Tuseme mwanamke anaingia jikoni. Mvua inanyesha. Amebamiza mlango, na baada ya sekunde mbili atasema, "Kwa hiyo umeshaamua." Ndani ya sekunde hizo mbili mwongozaji ametuonyesha barua chini ya sahani, kiatu cha mtoto mlangoni, sufuria jikoni, mwanamume aliyeupa mlango mgongo, na kanga ya mwanamke iliyolowa chapachapa. Mwandishi ana maneno manne, matano akibana. Mvua inajisema yenyewe, haiguswi. Mlango umeshasikika. Sufuria inatokota, nayo imesikika. Kiatu kinauma moyo, lakini mwongozaji atakirudia baadaye. Basi anaandika: "Barua, chini ya sahani." Mwanamke anasema lake, na asiyeona anajua linatokana na nini. Weka badala yake maelezo ya kanga, hata yawe mazuri namna gani, umemwacha mtu njiani filamu nzima.

Kuna mambo ambayo mafundi wa kazi hii hawayafanyi, na ukiyatazama vizuri ni adabu tupu. Hawasemi mtu ana hasira. Wanasema amekunja ndita, amekaza taya. Hasira utaijua wewe mwenyewe kama ambavyo angeijua anayeona. Hawatangulizi siri. Kisu kinatajwa kinapochomolewa, si kabla, ili anayesikia ashtuke pamoja na wenzake. Jina la mhusika halitajwi mpaka filamu yenyewe ilitaje. Mpaka hapo ni "mwanamume mwenye kovu". Vichekesho ndivyo vigumu kuliko vyote. Mtu akiteleza akaanguka kwenye matope, sebule nzima hucheka papo hapo, na msimulizi akichelewa kidogo tu, asiyeona atacheka peke yake wenzake wakiwa wameshanyamaza. Nimewahi kumwona mtu akijizuia kucheka kwa kuogopa jambo hilo.

Kiswahili kina mtihani wake humu. Ukisema "anamsogelea, anamshika mkono" na chumbani wamo watu watatu, umeshawachanganya, maana kiambishi chetu hakibagui mume wala mke. Inabidi umtaje mtu kwa jina au kwa nafasi yake nyumbani: "Shemeji anamsogelea Zuhura." Silabi zinaongezeka, sekunde ni zilezile. Lakini lugha hulipa deni hilo kwenye vitenzi. Mtu kwetu hatembei tu: ananyata, anajikokota, anachechemea, anapepesuka, anayoyoma. Hatazami tu: anachungulia, anakodoa, anatupia jicho, anakonyeza. Mwenye kulijua neno "ananyata" hahitaji kueleza kwamba mtu anatembea polepole kwa ncha za vidole asisikike. Halafu tuna zile tanakali zisizo na mlio, ambazo naamini zimekuwa zikiisubiri kazi hii: giza totoro, nguo nyeupe pe, mtu kalala fofofo. Nusu sekunde, na picha imekamilika. Utajiri wote huo umelala, na kwenye orodha za sauti nilizopata kuzifungua bado sijakutana na simulizi moja ya picha kwa Kiswahili.

Historia ya usimulizi wa picha, kama kazi rasmi, si ndefu. Katika miaka ya 1970 Gregory Frazier aliifanyia utafiti chuoni San Francisco. Mwaka 1981 Margaret Pfanstiehl, mwanamke wa Washington ambaye mwenyewe alikuwa haoni na alikuwa tayari anaendesha huduma ya kuwasomea wasioona magazeti redioni, alianza kusimulia michezo ya jukwaani katika ukumbi wa Arena Stage akishirikiana na Cody Pfanstiehl, aliyekuja kuwa mumewe. Mwaka 1990 kituo cha WGBH cha Boston kikaifikisha kwenye televisheni. Wajerumani nao wakawa na desturi ninayoipenda: simulizi iliandikwa na watu watatu, mmoja wao asiyeona, ndiye mwenye kusema hapa sijaelewa, hapa mmenieleza nilichokwisha kusikia.

Hata hao wenzetu hupitiwa. Aprili 2015 Netflix ilitoa tamthilia ya Daredevil, ambayo shujaa wake, mwanasheria Matt Murdock, haoni. Ikatoka bila simulizi. Wasioona wakauliza, na walikuwa na haki kuuliza, inakuwaje hadithi ya mwenzao haiwafikii wao. Siku chache baadaye simulizi ikawekwa, na kampuni ikatangaza kwamba itaziwekea na kazi zake nyingine. Nawapongeza waliouliza kuliko waliojibu.

Ila sitaki mtu aondoke hapa akidhani ufundi huu tunaletewa kwa meli. Waulize waliosikiliza mpira redioni. Nyumbani kwetu redio ilikuwa ya mbao, na betri zake zikichoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili zifike dakika ya tisini. Mtangazaji hakuanza na mpira. Alianza kwa kutupangia uwanja: nani anashambulia lango la kusini, nani la kaskazini, jezi za rangi gani, nyasi zimelowa au kavu, upepo unaelekea wapi, majukwaa yamejaa au la. Akishatupa uwanja ndipo anauweka mpira katikati. Alisema upande wa kulia wa redio yako, upande wa kushoto wa redio yako, na baba mdogo alikuwa anaigeuza redio juu ya kabati mpaka aridhike kwamba kusini ya redio ni kusini ya Uwanja wa Taifa. Hakuna aliyemcheka. Mpira ukitoka kwa beki wa kushoto kwenda kwa kiungo, tuliuona ukipita juu ya kitambaa cha meza. Ukipigwa nje tulijua umetoka wapi na nani ataurusha. Watu wazima walikuwa wanainua miguu kuupiga wakiwa wamekaa kwenye viti.

Pale sote tulikuwa hatuoni, na hakuna aliyeona kwamba amepungukiwa. Kenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, Tanzania tulikuwa na Charles Hilary, na wote wawili wametangulia mbele ya haki mwaka 2025, mmoja Februari, mwingine Mei. Niliposikia habari hizo niliwaza kwamba waliozikwa si watangazaji tu. Hao ni watu waliojiona wana deni kwa msikilizaji: yeye hayupo uwanjani, mimi nipo, basi chochote ninachokiona ni amana. Fungulia redio leo mechi ikiwa inachezwa. Utasikia kicheko, utani wa jana, salamu za mdhamini, mabishano ya nani angepaswa kuanza. Katikati ya kicheko uwanja unalipuka, na mtangazaji anapiga kelele, "Gooo!" Nani kafunga, kutoka wapi, kwa mguu gani, utajua kwa kuuliza. Mtangazaji wa siku hizi anaamini kwamba mahali fulani una skrini, na asipoiamini hiyo anaamini utaangalia marudio kwenye simu.

Shule nyingine ilikuwa vibanda umiza. Kwenye mabanda yale ya mabati, watu wamebanana kwenye mabenchi, filamu ya Kichina au ya Kihindi ilikuwa inatafsiriwa na kusimuliwa na mtu mmoja kwa pumzi moja. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, Nairobi DJ Afro, Kampala VJ Jingo. Hao hawakuwa na adabu ya kujificha niliyoisifu hapo juu. Walitia chumvi, walibadilisha majina, adui wa Hong Kong akageuka kuwa mdaiwa wa Manzese. Lakini waliona kwa ajili ya wengine. Jamaa akipanda ukuta waliwaambia kapanda ukuta, akiwa na panga mgongoni waliwaambia analo. Kipofu angeweza kuingia kwenye banda lile, akalipa kiingilio kama watu wote, akatoka na hadithi nzima, na pengine bora kuliko ile iliyotoka kiwandani. Tulidharau kazi ile, tukaiita ya wahuni. Watu waliokuwa na uwezo wa kuipa shule na studio waliishia kuilalamikia.

Sasa tuna simu na bando. Mtu asiyeona, kwenye simu yake yenye programu ya kuisoma skrini, TalkBack au VoiceOver, anaweza kufungua filamu bila kumwita mtu. Anapapasa skrini, simu inamsomea, anafika kwenye orodha ya sauti, na kwenye filamu nyingi za nje anakuta mstari wenye kuonyesha kwamba sauti hiyo ina simulizi. Anaugusa. Kwenye iPhone upo pia mpangilio wa kuiomba simulizi mara moja, kisha filamu yoyote iliyo nayo inakuja nayo. Ni jambo kubwa, na anayelibeza hajawahi kukaa na mtu anayeomba kuelezwa kila kitu. Lakini simulizi hiyo ni ya Kiingereza, au Kifaransa, au Kihispania. Mzee wangu wa Magomeni hana lugha hizo. Na akitaka kuangalia kwenye televisheni ya bei nafuu iliyopo sebuleni, orodha haisemi kitu. Ili kuifikia sauti ya wasioona inabidi kwanza uione. Bando nalo linakatwa palepale, pamoja na picha ambayo hataiona.

Kwenye kazi zetu za hapa nyumbani ndiko kunakoniuma. Sizungumzii fedha, nazungumzia kutojali. Sikiliza tamthilia zetu macho ukiwa umeyafumba. Muziki umemwagwa kutoka mwanzo hadi mwisho, hauachi upenyo hata wa neno moja, kana kwamba kimya ni kosa la kiufundi. Kisha siku hizi hadithi inajengwa kwa ujumbe wa simu. Mke kaketi, simu inalia ting, maandishi yanatokea kwenye kioo, sebule nzima inaguna "Mh!" na mzee anageuza kichwa huku na huku akiuliza, "Kaandika nani? Kasema nini?" Ndoa imevunjika mbele yake kwa mlio mmoja wa ting. Ingemgharimu nini mwandishi kumpa yule mke nafasi ya kuusoma ujumbe kwa sauti, kama watu wengi wanavyofanya wakishtuka?

Matangazo ndiyo yamekosa haya kabisa. "Piga namba zinazoonekana hapo chini kwenye skrini yako." Hiyo sauti tamu imelipwa kusema maneno hayo, ingeweza kutaja namba kumi na bado ikabaki na muda. "Kama mnavyoona wenyewe, watazamaji." Hapana, si wote tunaona. Kwenye taarifa ya habari nashukuru kwamba mkalimani wa lugha ya alama amepata kona yake, ingawa mara nyingine kona yenyewe ni ndogo kama stempu. Asiyeona amechukuliwa kwamba sauti inamtosha, kana kwamba televisheni ni redio yenye gharama zaidi.

Sheria hazijakosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 30, unataja waziwazi televisheni, filamu na michezo ya jukwaani katika mfumo unaowafikia. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Nitaishia hapo, kwa sababu sijapata kuona mkataba ukimsimulia mtu filamu.

Baadhi ya kampuni za nje zimeanza kusomesha simulizi kwa sauti ya mashine. Nimezisikiliza. Pale ambapo hapakuwa na kitu, hicho ni kitu, na asiyeona aliyekwisha kukaa gizani miaka yote hiyo hana sababu ya kukikataa kwa ajili ya mapenzi yangu kwa mafundi. Ninalolihofia ni kwamba tutaanzia hapo, na kubaki hapo. Mashine inasema "anafumba macho" kwa sauti ileile kwa aliyelala na kwa aliyekufa. Msomaji aliyefunzwa hujua kwamba kwenye msiba sauti hushuka na maneno hupungua, na kwamba mara nyingine jeneza likiteremshwa hupaswi kusema chochote, mchanga unasikika.

Nawaza kuhusu filamu ya Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, vichochoro vyake, milango yake ya nakshi, mabuibui, wanaharakati wanaokutana kwa siri. Nani angeweza kuisimulia hiyo kwa Kiswahili chenye adabu ya mtoto yule wa Magomeni na jicho la mtangazaji wa mpira wa zamani? Watu wapo. Redio zetu zina wasomaji wa tamthilia wenye sauti za kukufanya uache chakula. Vyuo vikuu vyetu vina vijana waliosoma fasihi ambao sasa wanaandika manukuu ya picha za harusi. Shule za wasioona, Buigiri kule Dodoma na Thika kule Kenya, zimetoa watu wenye masikio ya kumkosoa msimulizi yeyote. Hawajawahi kuitwa meza moja.

Basi ombi langu ni kwenu mnaotengeneza filamu na tamthilia, na kwa vituo vinavyozinunua. Msingoje kampuni ya ng'ambo iwaagize. Kabla sauti haijafungwa kwenye chumba cha uhariri, wakati muziki bado unaweza kushushwa bila gharama mpya, mpeni mwandishi mmoja filamu yenu, mkalisheni pamoja na mtu mmoja asiyeona, na muwalipe wote wawili. Anzeni na sehemu moja tu ya tamthilia moja. Na wewe msomaji, mzee wako akiuliza sebuleni, "Kuna nini hapo?" usimwambie asubiri. Mwambie kilichopo, kisha nyamaza asikilize.